Kivinjari Kimejisasisha, Mipangilio Imehama: Namna ya Kuirudisha Bila Kuharibu

Kila mwezi naulizwa swali moja, hata kama maneno hubadilika: "Jana kilikuwepo, leo hakipo." Mara ni kitufe, mara ni kisanduku cha kutia tiki, mara ni kivinjari kizima kimeamka na sura nyingine. Si bahati mbaya kwamba ni kila mwezi. Firefox imekuwa ikitoa toleo kubwa takribani kila wiki nne tangu mwaka 2020, na Chrome ikaingia kwenye mwendo huo huo kuanzia toleo la 94, Septemba 2021. Sasisho lenyewe huingia kimyakimya, wewe ukiwa umelala au unakunywa chai, halafu asubuhi unakuta fanicha imepangwa upya.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Nimetumia zaidi mifano ya Firefox na Chrome kwenye kompyuta. Ukiwa na Edge, Brave, Vivaldi au Opera, fuata mifano ya Chrome, kwa kuwa vyote vimejengwa juu ya msingi ule ule wa Chromium.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kalamu na karatasi, au faili tupu ya maandishi. Usiruke hili, utaona sababu yake kwenye hatua ya 7.
- Nywila ya akaunti yako, kama umeunganisha kivinjari na akaunti.
- Nakala ya alamisho zako, yaani anwani za kurasa ulizojiwekea kivinjarini. Nenda kwenye kidhibiti cha alamisho, chagua kuzihamisha nje kama faili ya HTML, uihifadhi mahali unapopakumbuka. Kazi ya dakika moja.
- Dakika ishirini zisizo na haraka. Ukiwa na mkutano baada ya dakika tano, funga mwongozo huu urudi baadaye.

Nadharia ni kidogo tu. Kitu "kinapopotea" baada ya sasisho, limetokea mojawapo ya mambo manne: kimehamishwa, kimebadilishwa jina, hali yake ya mwanzo imegeuzwa (kilikuwa kimezimwa, sasa kimewashwa), au kimeondolewa kabisa. Watu wengi hukimbilia kudhani ni hilo la nne. Kwa uzoefu wangu mara nyingi huwa ni moja ya matatu ya mwanzo, na ndiyo maana hatua zifuatazo zimepangwa hivi zilivyo.

Hatua

1. Acha kubofya, uandike unachotaka kitokee.

Usiandike jina la kitufe. Andika kazi yake. "Kitufe cha kupakua kimepotea" hakitakufikisha popote. "Nataka niulizwe faili ihifadhiwe wapi kabla haijashuka" kitakufikisha. Majina ya vitufe hubadilika toleo kwa toleo, ila kazi zake hubaki zile zile kwa miaka.

2. Jua toleo lako.

Kwenye Chrome, andika `chrome://settings/help` katika upau wa anwani. Kwenye Edge ni `edge://settings/help`. Kwenye Firefox andika `about:support`, na namba ya toleo utaikuta karibu kabisa na juu ya ukurasa. Iandike kwenye karatasi yako.

Angalizo: ukurasa ule wa Chrome hauonyeshi toleo tu, huanza pia kutafuta sasisho jipya papo hapo. Kama una fomu uliyoijaza nusu kwenye kichupo kingine, imalize kwanza, kwa sababu utakuja kuombwa ufungue kivinjari upya.

3. Tafuta kwa kisanduku, si kwa macho.

Hapa ndipo watu wanapopoteza saa nzima. Ukurasa wa mipangilio una kisanduku cha kutafutia upande wa juu, na wengi hawajawahi kukigusa. Wanateremka na kupanda, wanafungua kila sehemu, wanakasirika.

Tuchukue ule mfano wa kupakua. Machi 2022, Firefox 98 ilibadilisha tabia yake: badala ya kukuuliza ufungue faili au uihifadhi, ikaanza kuishusha moja kwa moja. Watu wakadhani swali lile limefutwa. Fungua `about:preferences`, uandike kwenye kisanduku neno la kupakua au la faili, kwa lugha ile ile iliyo kwenye menyu zako. Kurasa zote zitafichwa isipokuwa mistari inayohusika, na neno lako litapakwa rangi. Utaona chaguo la kuulizwa kila mara faili ihifadhiwe wapi. Chini yake, kwenye orodha ya aina za faili, kuna chaguo jingine la kuuliza kama faili ifunguliwe au ihifadhiwe. Ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni cha folda, cha pili ni cha tendo. Wengi hutia tiki kimoja, wakaona hakijawasaidia, wakakata tamaa, kumbe walichokihitaji ni kile cha pili.

Neno la kwanza lisipoleta kitu, jaribu jirani zake. Ukitafuta "ukurasa wa mwanzo" bila mafanikio, jaribu "kuanzisha" au "kichupo kipya". Jaribu maneno matatu kabla ya kusema hakuna.

4. Bofya kulia juu ya kitu chenyewe.

Si kila mpangilio unakaa kwenye ukurasa wa mipangilio. Mwingine umejificha chini ya kitu unachokitazama. Mfano ninaoupenda: Chrome huficha sehemu ya mwanzo ya anwani, ile `https://` na wakati mwingine `www`. Tafuta kwenye mipangilio hadi uchoke, hutaupata. Lakini bofya kulia ndani ya upau wa anwani wenyewe, na kwenye menyu itakayotokea kuna chaguo la kuonyesha anwani kamili kila mara. Tia tiki, kazi imekwisha.

Fanya vivyo hivyo juu ya kichupo, juu ya nafasi tupu kwenye upau wa zana, juu ya alama ya kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari). Na kama umezoea alama ya kufuli kushoto kwa anwani, jua kwamba Chrome 117 ya Septemba 2023 iliibadilisha ikaweka mistari miwili yenye vitufe vya kuteleza. Ruhusa za kamera, maikrofoni na mahali ulipo bado ziko pale pale nyuma yake. Kufuli kuondoka hakumaanishi kwamba tovuti imekuwa hatari.

5. Soma maelezo ya toleo.

Kwenye Firefox, fungua menyu ya msaada, kisha dirisha la kuhusu Firefox. Kuna kiungo cha kueleza yaliyo mapya. Kwenye Chrome andika `chrome://whats-new`. Usisome yote. Tafuta neno linalohusu kazi uliyoiandika katika hatua ya 1.

Hapa ndipo utakapojua kwa uhakika kama kitu kimeondolewa. Mpangilio wa kuziomba tovuti zisikufuatilie, kwa mfano, uliondolewa kwenye Firefox 135 mwanzoni mwa 2025, na kuutafuta ni kumtafuta mtu aliyekwisha hama mji. Kitu kikiwa kimeondolewa, utafutaji wako unageuka: hutafuti tena kitufe, unatafuta njia nyingine ya kufanya kazi ile, mara nyingi kiendelezi.

6. Kagua kilichowashwa bila wewe kuulizwa.

Hatua hii hakuna anayeniuliza, nami ndiyo naiona kuwa na uzito kuliko zote. Kitufe kikihama utagundua siku hiyo hiyo, kwa sababu mkono wako utakikosa. Swichi mpya ikiongezwa mahali usipopatazama, ikiwa tayari imewashwa, unaweza kukaa nayo mwaka mzima.

Mifano ipo. Septemba 2018, Chrome 69 ilianza kumwingiza mtu kwenye akaunti ndani ya kivinjari pindi anapoingia kwenye huduma ya Google kama Gmail. Malalamiko yakawa mengi, na toleo la 70 mwezi uliofuata likaleta swichi ya kuzima tabia hiyo. Julai 2024, Firefox 128 ilikuja na kisanduku cha kuruhusu upimaji wa matangazo kwa njia iliyoelezwa kuwa inalinda faragha, kikiwa tayari kina tiki. Unaweza kukubaliana na mambo hayo au usikubaliane. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulipaswa kuwa wako, na njia ya kuupata ni kwenda kuangalia.

Kwa hiyo baada ya kila sasisho kubwa, fungua sehemu ya faragha na usalama uisome kuanzia juu hadi chini. Dakika tatu. Usichokielewa, kiandike kwanza kabla hujakizima.

7. Andika ulichobadilisha, kabla hujakibadilisha.

Kwenye karatasi yako weka safu tatu: mpangilio, ulivyokuwa, ulivyo sasa. Au piga picha ya skrini kabla na baada. Niliwahi kukaa jioni nzima na kompyuta ya rafiki ambayo video zake zilikuwa zinakwama. Alikuwa amebadilisha vitu tisa kwa mkupuo, kimoja kati ya hivyo ndicho kilicholeta matatizo, na hakukumbuka hata kimoja. Tulikipata kwa kurudisha vyote tisa, kimoja kimoja, tukijaribu video kila mara. Kilikuwa cha nane.

Badilisha kimoja, funga na ufungue kivinjari, jaribu, ndipo uende kwenye kingine.

8. Mlango wa nyuma, kwa tahadhari.

Kama hatua zote hizo zimeshindwa, vivinjari vina vyumba vya chini. Firefox ina `about:config`, Chrome ina `chrome://flags`. Vyote viwili vitakuonya unapoingia, na onyo hilo si mapambo.

Mfano wa Firefox: toleo la 89, Juni 2021, lilinenepesha vichupo na kuficha ule mpangilio wa kubana sura ya kivinjari. Kuurudisha:

a) Andika `about:config`, ukubali onyo.
b) Kwenye kisanduku andika `browser.compactmode.show`.
c) Bofya mara mbili mstari huo ili `false` iwe `true`.
d) Bofya kulia kwenye upau wa zana, chagua kuurekebisha, na chini kabisa fungua chaguo la msongamano. Sura iliyobanwa itakuwemo, pembeni yake pakiwa pameandikwa kwamba haina msaada rasmi.

Maneno hayo ya mwisho yachukulie kwa uzito. Yanasema: tumekuachia, lakini siku ikiharibika usituite. Hata hivyo baadhi ya vitu hudumu sana kwenye chumba hiki. Kisanduku cha kuzima JavaScript (lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kurasa za tovuti) kiliondolewa kwenye mipangilio ya kawaida na Firefox 23, Agosti 2013, lakini `javascript.enabled` imebaki ndani ya `about:config` miaka mingi baadaye.

`chrome://flags` ni habari nyingine. Vilivyomo mle ni majaribio, na majaribio huisha. Chrome 117 ilipobadilisha sura mwaka 2023, watu walitumia swichi ya mle kurudisha sura ya zamani, na kwa miezi kadhaa ikafanya kazi. Mwaka uliofuata swichi yenyewe ikaondolewa. Ukirudisha kitu kupitia mlango huo, umekikopa. Kitumie, lakini wakati huo huo anza kuzoea kipya.

Kwa aliyezoea Firefox: unaweza kuweka faili iitwayo `user.js` ndani ya folda ya wasifu wako (ile ambamo Firefox huhifadhi alamisho, nywila na mipangilio yako), na kila mstari wake utasomwa Firefox inapoanza. Mstari mmoja huwa hivi:

`user_pref("browser.compactmode.show", true);`

Faida yake ni kwamba mpangilio wako unarudi hata ukigeuzwa. Mtego wake: kuufuta mstari kwenye faili hakurudishi hali ya mwanzo, kwa kuwa thamani imekwisha nakiliwa kwenye `prefs.js`, faili ambamo Firefox yenyewe huhifadhi mipangilio. Lazima pia uende `about:config` ukabofye mshale wa kurudisha.

Makosa ninayoyaona sana

La kwanza na baya kuliko yote: kushusha toleo la zamani na kuzima masasisho. Najua hasira inayomfikisha mtu hapo. Lakini masasisho yale yale yanayohamisha vitufe ndiyo yanayoziba matundu ya usalama, na kivinjari ndicho kinachokutana na kila uchafu wa intaneti kabla ya kitu kingine chochote kwenye kompyuta yako. Isitoshe, tangu toleo la 67, Firefox ya zamani hukataa kufungua wasifu uliokwisha tumiwa na toleo jipya zaidi; itakuomba uanzishe wasifu mpya, mtupu. Ukitaka mabadiliko machache bila kuacha usalama, tumia Firefox ESR, ambayo hupata viraka vya usalama huku mambo mapya yakija takribani mara moja kwa mwaka.

La pili ni kusakinisha kiendelezi cha kwanza unachokiona kinachoahidi "kurudisha sura ya zamani". Angalia kinaomba ruhusa gani. Kinachobadilisha rangi ya vichupo hakina sababu ya kusoma kila ukurasa unaoufungua.

La tatu, kubofya tangazo lililojitokeza katikati ya ukurasa likisema kivinjari chako kimepitwa na wakati. Sasisho la kweli unalipata ndani ya menyu ya kivinjari chenyewe, kama tulivyofanya kwenye hatua ya 2.

Kwenye simu

Hapa nafasi ya kuchezea ni ndogo. Kwenye iPhone, iOS 15 ya mwaka 2021 ilishusha upau wa anwani wa Safari hadi chini ya skrini. Kwenye iOS 15 hadi 18 unarudi juu ukichagua mpangilio wa kichupo kimoja kwenye mipangilio ya Safari; kuanzia iOS 26 unachagua tu upau ukae juu. Na kama mipangilio hiyo ya Safari yenyewe huioni, kuanzia iOS 18 imehamia ndani ya sehemu ya programu.

Mambo yakigoma

*Alamisho zote zimepotea.* Usisakinishe chochote kwanza. Shangazi yangu alinipigia simu usiku: "Mwanangu, kompyuta imekula kila kitu, hata picha ya nyuma." Nikamwambia, "Shangazi, usiguse kitu, nakuja." Hakikuwa kimeliwa kitu. Kivinjari kilikuwa kimefunguka kwa wasifu mpya, na ule wa zamani ulikuwa umelala salama kwenye folda yake. Kwenye Firefox andika `about:profiles`. Ukiona wasifu zaidi ya mmoja, uzindue ule mwingine uone kama vitu vyako vimo. Kwenye Chrome bofya picha ya akaunti juu kulia uone kama umo kwenye wasifu usio wako.

*Vichupo vya jana havijarudi.* Bonyeza Ctrl+Shift+T kabla hujafungua kingine chochote, urudie. Kwenye Mac ni Cmd+Shift+T. Kisha nenda sehemu ya kuanzisha kivinjari, uchague kuendelea pale ulipoishia.

*Kiendelezi kimezimika chenyewe.* Huenda kimejengwa kwa mfumo wa zamani. Firefox iliacha viendelezi vya aina ya kale katika toleo la 57, Novemba 2017, na Chrome ilianza kuvizima vya Manifest V2, yaani vilivyoundwa kwa kanuni zake za zamani, mwaka 2024. Tafuta toleo jipya la kiendelezi hicho hicho, au mbadala wake. Hakuna swichi ya kudumu itakayokifufua.

*Nabadilisha, kesho kimerudi kilivyokuwa.* Shuku usawazishaji: kompyuta yako nyingine inakurudishia mpangilio wake. Zima usawazishaji wa mipangilio kwenye zote, rekebisha moja, kisha uwashe tena. Kama si hilo, angalia viendelezi.

*Nimevuruga, sijui nilipoanzia.* Kwenye `about:config` tia tiki kisanduku cha kuonyesha vilivyobadilishwa tu, urudishe kimoja kimoja. Kwenye `chrome://flags` kuna kitufe cha kurudisha vyote upande wa juu. Ikishindikana, vivinjari vyote viwili vina chaguo la kuanza upya: alamisho na nywila hubaki. Firefox itaondoa viendelezi, Chrome itavizima tu.

*Toleo letu ni moja, lakini kivinjari cha mwenzangu kina kitu ambacho changu hakina.* Mambo mapya hutolewa kwa kundi moja kabla ya jingine, na majaribio mengine hugawiwa kwa bahati nasibu. Kwenye Firefox, `about:studies` itakuonyesha kama umo kwenye jaribio lolote.

*Swichi ni ya kijivu, haibofyeki.* Andika `chrome://policy` au `about:policies`. Ukikuta orodha pale, mara nyingi kompyuta inasimamiwa na kazini au shuleni kwako, na aliyeifunga swichi hiyo ni msimamizi wa mfumo. Mpigie yeye na umtajie jina la sera uliyoiona kwenye orodha. Atakuelewa haraka kuliko ukimwambia kitufe kimegoma.